Taka za Kiwanda Zina Mwenyewe

Asafiriye kwa njia ya Segera kwenda Tanga, apitapo Hale na Muheza, huona kulia na kushoto mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu baada ya safu mpaka upeo wa macho, na endapo upepo unavuma kutoka upande wa korona, yaani mashine ya kupara majani hayo, pua yake hupata habari kabla macho hayajaiona mashine yenyewe, kwani hupokewa na harufu kali iliyo baina ya siki na majani yaliyovunda, ambayo wenyeji wameizoea kiasi cha kutoitaja tena na mgeni huifungia kioo cha gari. Wengi hudhani kuwa harufu hiyo ni sehemu ya tabia ya mkonge, kama ilivyo miba yake, ilhali ni harufu ya mali iliyotupwa. Na makala haya yanakusudia kueleza inatupwaje, kwa sababu gani, na kwa nini naona kuwa Serikali haina budi kumrudishia mwenyewe mzigo wake.

Asimamaye karibu na korona ikiwa kazini huona jinsi jani linavyogawanyika. Majani yaliyokatwa shambani huletwa yamefungwa matita, yakapangwa juu ya mkanda na watu ambao mikono yao haipumziki, yakaingia katika magurudumu yenye visu butu ambayo huyaponda na kuyapara, huku maji yakimiminwa juu yake bila kukoma. Upande wa pili hutoka singa, ambazo ndizo nyuzi zenyewe, ndefu, mbichi, zenye weupe uliochanganyika na kijani, nazo hubebwa kwa heshima zote kwenda kuanikwa juani, kisha kupigwa brashi na kufungwa marobota. Chini ya mashine, katika mfereji wa saruji ambao hakuna mgeni rasmi aliyepata kuonyeshwa, hupita kila kisichokuwa singa: nyama ya jani, ganda lake, utomvu wake, nyuzi fupi zilizokatika, na maji yote yaliyotumika. Katika kila kilo 100 za majani yaingiayo, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki, kilo 96, hushika njia ya mfereji.

Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, na katika mwaka 1964 nchi hii ilitoa takriban tani 230,000 za singa, kiasi ambacho wazee wa Tanga hukitaja mpaka leo kwa sauti ya mtu anayesimulia enzi za ujana wake. Marobota yale yalihesabiwa moja moja, yakaandikwa daraja lake, meli yake na bei yake. Lakini ukiipiga hesabu ile ya 4 kwa 100 kinyumenyume, utaona kuwa pamoja na singa hizo, katika mwaka huo mmoja, zilizaliwa tani zaidi ya milioni 5 za mabaki, na mabaki hayo hayasimuliwi na mzee yeyote. Yalikwenda mabondeni na mitoni. Maji ya korona yana ukali wa asidi, nayo yaingiapo mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha huimaliza hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Na marundo yanayobaki nchi kavu huoza ndani kwa ndani pasipo hewa, yakatoa methani, gesi ambayo, ikipimwa kwa muda wa miaka 100, huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule.

Ajabu ni kwamba methani hiyo hiyo, ikifungiwa katika tangi badala ya kuachwa ipotee angani, ni moto wa kupikia na kuendeshea injini. Jambo hili limekwisha kufanywa, tena si ughaibuni bali hapo hapo Hale, ambapo kampuni ya Katani Limited, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilijenga mnamo mwaka 2007 mtambo wa kuozesha mabaki ya mkonge na kuzalisha umeme wa kilovati 150, nao ukasifiwa kuwa wa kwanza duniani wa namna yake. Uji unaobaki baada ya gesi kutoka hauna tena ule uvundo, na ni mbolea ya kurudishwa shambani. Na kabla ya hapo, tangu katikati ya karne ya ishirini, wakemia walikwisha kugundua kuwa utomvu wa jani la mkonge una hekojenini, ambayo ni asili ya kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Umeme, mbolea na dawa, vyote vimo mferejini. Na bado korona nyingi zinamwaga kama zilivyokuwa zikimwaga zama za Wajerumani.

Basi kwa nini? Baadhi ya watu hujibu upesi kuwa sisi hatuna utamaduni wa kutumia tena vitu, jawabu ambalo husemwa sana katika semina na ambalo mimi silikubali hata kidogo. Pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake huzika makumbi ya nazi katika mchanga wa ufuo unaofunikwa na maji yajaapo, wakayaacha miezi kadhaa hata yakalainika, kisha huyafukua na kuyaponda kwa magogo mpaka ukatoka usumba wa kusokota kamba. Kifuu huwa upawa au kuni, na chicha hupewa kuku. Mwanamke huyo hatupi kwa sababu kila atupacho kitajaa uani kwake mwenyewe, na kila asichotupa humpunguzia kitu cha kununua. Mwenye korona hutupa kwa sababu kitupwacho kinaondoka mbele ya macho yake bure, kikawa cha mto, na mto hauna karani wa kumpelekea hati ya madai. Kama gharama ya kutupa ni sufuri, basi mtambo wowote wa kutumia mabaki, hata uwe mzuri namna gani, utaonekana ghali katika vitabu vya mhasibu, na mhasibu huyo hatakuwa amekosea hesabu.

Tazama tofauti ya sukari na mkonge, nawe utaliona jambo hili waziwazi. Kiwanda cha TPC, karibu na Moshi, huchoma makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, kikapata mvuke na umeme wa kuendeshea mitambo yake na ziada ya kuuza katika gridi ya Taifa. Na huko Kilombero molasi hugeuzwa spiriti. Hakuna waziri aliyewashurutisha. Makapi ya miwa ni makavu kiasi cha kuwaka, tanuri lipo tayari, na kila shehena ichomwayo ni mafuta yasiyonunuliwa, kwa hiyo faida na usafi vimekutana vyenyewe njiani. Mabaki ya mkonge yana maji mengi, hayawaki, yanataka matangi, pampu na fundi anayejua tabia za vijidudu, na mtaji wake hurudi polepole. Hapo faida na usafi havikutani mpaka awepo wa kuvikutanisha. Huyo ni Serikali, na sioni mwingine.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni ndefu, ina sehemu zake za taka ngumu, taka za majimaji na taka za hatari, na NEMC, baraza la Taifa la usimamizi wa mazingira, ilipewa mamlaka ya kukagua, kutoza na hata kufunga. Taksiri yake, kwa nadhari yangu, ni kwamba imezoeleka kutumiwa kwa namna ya askari afikaye baada ya harufu kufika. Wananchi hulalamika, wakaguzi huja na waandishi wa habari, faini hutajwa mbele ya kamera, na baada ya miezi mfereji ule ule hutiririka kama kwanza. Kwa maana tajiri mwenye akili huiandika faini katika daftari lake pamoja na dizeli na mishahara, akaendelea na shughuli zake. Hata mahakama, zinapofanya insafu, huweza kuhamisha tatizo tu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukizia moshi na inzi, na Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Ilikuwa hukumu ya fahari, nayo husomwa na wanafunzi wa sheria mpaka leo. Kisha taka zikaenda Vingunguti, kutoka huko zikaenda Mtoni, na kutoka Mtoni zikaenda Pugu. Zilibadili jirani, hazikubadilika kuwa kitu kingine.

Ninachopendekeza ni kwamba sheria itamke, na utendaji ufuate, kuwa taka za kiwanda ni za kiwanda kilichozizalisha tangu zinapotoka mashineni mpaka mtu mwingine atakapozipokea kwa maandishi kuwa ni malighafi yake, na kwamba katikati ya hapo hakuna mto, bonde wala dereva wa lori la kukodi awezaye kuzipokea kwa niaba ya umma. Kila kiwanda kiwe na daftari la vitokavyo, kama kilivyo nalo la viingiavyo: uzito, asili, siku, na mahali vilikokwenda, na daftari hilo lifunguliwe kwa yeyote atakaye kulisoma, maana jirani mwenye kiwanda kingine hawezi kuomba kitu asichojua kuwa kipo. Na kitakachokwenda kutupwa kilipiwe kwa tani, kwa kiwango kinachopanda kadiri hatari yake inavyopanda, fedha hizo ziende katika kuwakopesha wanaojenga mitambo ya kutumia mabaki, zisimezwe na hazina kuu ambako zitageuka kuwa posho za safari.

Watu wa Denmark walianza kutoza kodi ya taka mwaka 1987, na wana mji mdogo wa bandari uitwao Kalundborg ambao wataalamu wa viwanda huuzuru kama mahujaji. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi kilijengwa huko ili kutumia gesi iliyokuwa ikiunguzwa bure na kiwanda cha kusafishia mafuta. Baadaye kituo cha umeme wa makaa, kiliposhurutishwa kusafisha salfa katika moshi wake, kikajikuta kinazalisha jasi, na jasi hiyo ikapelekwa kwa yule yule mtengeneza mbao. Mvuke ukauzwa kwa viwanda jirani, maji ya moto yakapasha nyumba za mji, na mabaki ya hamira kutoka kiwanda cha dawa yakawa chakula cha nguruwe. Hakuna aliyekaa akachora mpango huo wote kwa siku moja. Kila mkataba ulifungwa na wawili waliojuana, kwa kuwa kutupa kulikuwa ghali na mwenza alikuwa karibu. Nasi tunayo maeneo ya viwanda, Mkuranga, Kibaha, Pongwe, ambamo viwanda vimepakana ukuta kwa ukuta na meneja wa huku hajui kinachotoka kwenye bomba la kule.

Lakini hapa napenda kuweka hadhari kubwa, kwa sababu neno la kutumia taka tena limekuwa tamu mno midomoni mwa watu, hata likasahaulisha kuwa kutumia tena ni kazi ya kiwanda kama nyingine, na inaweza kuua. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, ile metali nzito, si ya bunduki. Kwenye karatasi ilikuwa biashara ya kupongezwa: kitu kilichokufa kinafufuliwa na kuuzwa nje. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007, ukuta wake ukiwa umegusana na nyumba za watu wapatao 3,000. Moshi uliingia madirishani, maji ya asidi yakapita mbele ya milango, watoto wakawa wanacheza katika vumbi ambalo halina rangi ya kutisha wala harufu ya kufukuza. Risasi huingia mwilini polepole, ikakaa katika mifupa na damu, ikaharibu figo za mtu mzima na ubongo wa mtoto, tena kwa mtoto madhara yake hayarudi nyuma. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana sumu hiyo mwilini, akasimama na wakazi wenzake, akakamatwa, akaendelea, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu, Desemba 2024, ikairudisha. Wale waliokuwa watoto wa miaka miwili betri ya kwanza ilipoyeyushwa walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wale wanaotaka kila mtumiaji wa taka asamehewe vibali kwa kuwa eti anaisaidia nchi, wala siwaungi mkono wale wanaotaka vibali vile vile vya mlolongo mmoja kwa kila kitu. Nyama ya jani la mkonge, makapi ya miwa na pumba zisizo na kemikali za kuongeza havistahili kusumbuliwa. Mkulima akitaka kuvichukua kwa toroli avichukue, na karani aandike. Risasi, zebaki, kromu ya viwanda vya ngozi, na mafuta machafu vinastahili ukali usio na huruma, na mahali pa kuvishughulikia pawe mbali na makazi, pamoja na vipimo vya damu za wafanyakazi vinavyofanywa kabla ya mtu kuugua. Leo mambo yamegeuzwa: asiye na sumu huzungushwa ofisini, na oili chafu kutoka gereji huuzwa kwa dumu kando ya barabara, ikapakwa kwenye mbao ili kufukuza mchwa, na mkono wa kijana aipakaye hauna hata kipande cha plastiki.

Na katika hesabu hii tusiwasahau watu wa vyuma chakavu, wale wanaosukuma mikokoteni juani na kupima vipande kwa mizani yenye kutu, kwa sababu chuma chao ndicho kiendacho kuyeyushwa kuwa nondo za nyumba tunazojivunia, na alumini yao ndiyo masufuria ya Gerezani, Dar es Salaam. Mara nyingi mamlaka huwakumbuka pale tu mfuniko wa shimo la maji machafu unapoibwa. Kenya, katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imemtwika mzalishaji dhamana ya bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Ni hatua njema, na sisi tukiifuata, tuhakikishe kuwa fedha za mzalishaji zinamfikia pia yule mwenye mkokoteni, asije akanyang'anywa kazi na kampuni yenye malori mapya na nembo ya kijani.

Wenye viwanda watasema kuwa gharama zitapanda na bidhaa za nje zitatushinda sokoni, na hoja hiyo si ya kudharauliwa, hasa kwa mkonge unaoshindana na wa Brazili. Hata hivyo gharama hiyo ipo tangu zamani, ila inalipwa na mvuvi wa Pangani ambaye hakuulizwa. Naafiki kuwa tozo ianze ndogo, ipande kwa ratiba iliyotangazwa mapema, ili mtu mwenye mipango apate nafasi ya kujenga. Lakini ratiba ikishatangazwa isiahirishwe kila ukaribiapo uchaguzi.

Na haja ya kuanza sasa inatokana na jambo moja. Serikali imetangaza nia ya kufikisha uzalishaji wa mkonge tani 120,000 kwa mwaka, na wakulima wadogo wanapewa miche na kuahidiwa mashine. Tani hizo zikipatikana, kwa hesabu ile ile ya kilo 4, zitakuja na tani 2,880,000 za mabaki kila mwaka, na baadhi ya korona zitakazoyatoa bado hazijasimikwa. Kuongeza tangi na njia ya gesi katika korona iliyokwisha kusimama miaka 50 ni kazi ya kubomoa. Kuviweka katika mchoro wa korona mpya ni kazi ya kalamu. Bodi ya Mkonge isitoe leseni ya korona mpya isipokuwa mchoro wake umeonyesha mabaki yanakwenda wapi, na benki za umma zinazokopesha mashine zikopeshe na tangi lake kwa mkataba mmoja, na TARI Mlingano, ambao kazi yao ni utafiti wa zao hili, wampimie mkulima kwa ekari mbolea hiyo inamwongezea nini, ili asiambiwe tu kuwa ni nzuri. Umeme wa ziada una njia yake, kwani tangu mwaka 2008 upo utaratibu wa wazalishaji wadogo kuliuzia shirika la umeme, TANESCO. Kuhusu gharama ya kuirudisha mbolea shambani, ambayo ndiyo kisingizio nilichokisikia mara nyingi kuliko vyote, matela yaletayo majani koronani asubuhi hurudi shambani yakiwa matupu, na trekta hulipiwa dizeli safari zote mbili.